Je, Niuze Kiwanja Nikapige MRI Inayoonyesha Nyuzi za Neva?

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 36, ni mwalimu wa shule ya msingi Tanga. Mwaka 2019 jicho la kushoto lilipoteza nuru kwa wiki kadhaa, likiuma kila nikiligeuza. Mwaka 2021 miguu ilikufa ganzi hadi kiunoni. Nikapigwa MRI ya kichwa Dar es Salaam, yakaonekana mabaka meupe machache, nikaambiwa ni MS (multiple sclerosis). Tangu hapo najichoma sindano za interferon ambazo kaka yangu aliyeko Muscat hunitumia. Mwaka jana nilirudia MRI, ripoti ikasema hakuna baka jipya. Lakini mimi najijua: miguu inazidi kuwa mizito, ngazi za shuleni zimenishinda, na ikifika mchana nachoka hata kama sijafanya kitu. Mume wangu anasema kama picha ni nzuri basi ni mawazo. Binti wa mjomba wangu aliyeko Uingereza, naye ana MS, amenitumia picha ya ubongo wake yenye nyuzi za rangi rangi. Anasema ni MRI ya kisasa ya difyusheni, inaonyesha neva zilizoharibika ambazo MRI ya kawaida haizioni. Nimeulizia, nimeambiwa India ipo. Nina kiwanja. Je, nikiuze nikapige kipimo hicho, nijue hali halisi ya neva zangu?"

Marahaba, mwalimu, na pole kwa yote hayo. Nianze na jibu lenyewe, kwa sababu ardhi ikishauzwa imeuzwa: usiuze kiwanja kwa ajili ya kipimo hicho. Kipimo kipo, si utapeli, na kweli kinagusa kitu ambacho MRI ya kawaida haikigusi. Lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja, kwa ujuzi tulio nao sasa, hakitabadilisha dawa yako wala hakitakuambia miguu yako itakuwaje mwakani. Wakati huohuo, katika maelezo yako kuna vipimo viwili vya gharama ndogo zaidi ambavyo sijaviona, na hivyo vinaweza kubadilisha matibabu yako yote. Nitavifikia. Kwanza tusafishe njia.

Mumeo simlaumu. Ripoti ikisema "hakuna baka jipya", mtu asiye wa fani husikia "mgonjwa hana kitu". Sivyo kabisa. Katika MS kinga ya mwili inashambulia mayelini, ile ala ya mafuta inayozunguka uzi wa neva kwenye ubongo, kwenye neva ya jicho na kwenye ugwe wa mgongo, yaani ile neva kuu inayopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Baka jeupe unaloliona kwenye filamu ni mahali ambapo maji yameongezeka: pengine kwa sababu ya uvimbe, pengine mayelini imebanduka, pengine uzi wenyewe umekufa na nafasi yake ikabaki wazi. Hali hizo tatu zina uzito tofauti mno kwa mgonjwa, lakini kwenye filamu zote hutoka nyeupe. Ndiyo maana unaweza kukuta mtu ana mabaka mengi na anacheza mpira, na mwingine ana machache na anatembelea fimbo. Wataalamu wameliona hilo miaka mingi, na mwaka 2002 Frederik Barkhof wa Amsterdam aliliandikia makala mahususi kuhusu picha na hali ya mgonjwa kutokubaliana.

Sababu moja ni mahali. Baka dogo kwenye ugwe wa mgongo, ambako njia zote za miguu zimebanana, linaweza kumwangusha mtu kuliko mabaka kumi yaliyo sehemu tulivu ya ubongo. Sababu ya pili ndiyo inayotuleta kwenye swali lako. Mwaka 1998 Bruce Trapp na wenzake huko Cleveland, Marekani, walitazama kwa hadubini ubongo wa watu waliofariki wakiwa na MS. Ndani ya mabaka yaliyokuwa bado yanawaka walikuta nyuzi za neva zimekatika zaidi ya 11,000 kwa kila milimita moja ya ujazo. Katika ubongo wa watu wasio na ugonjwa huo walikuta pungufu ya uzi mmoja uliokatika katika kipande cha ukubwa huo. Kabla ya hapo wengi walifundishwa kwamba MS hula ala na kuuacha uzi. Tangu hapo tunajua uzi nao hukatika, tena mapema. Na uharibifu hauishii kwenye baka. Tishu ambayo kwenye MRI ya kawaida inaonekana safi kabisa, ukiipima kwa njia nyingine unaikuta imepungukiwa.

Kwa hiyo miguu inaweza kuzidi kuwa mizito bila baka jipya hata moja kuonekana kichwani. Hilo linatokea, linajulikana, na si mawazo. Mumeo naomba umsomee aya hii.

Sasa kipimo chenyewe. MRI ya difyusheni haipigi picha ya neva. Inapima mwendo wa maji. Mwili wako una maji kila mahali, na molekuli za maji hazitulii. Zinajigonga na kuhamahama muda wote kwa sababu ya joto. Katika milisekunde 50, muda ambao mashine hutumia kuzitazama, molekuli ya maji ndani ya ubongo husogea takriban sehemu moja ya mia ya milimita, au zaidi kidogo. Umbali huo ni mdogo, lakini una manufaa makubwa, kwa sababu nyuzi nyingi za neva zina unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita hivi. Maana yake, ndani ya muda huo mfupi molekuli imeshagonga kuta za uzi mara nyingi. Fikiria umeachiwa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe: kufuata kichochoro unaweza kwenda mbali, kukata kwenda pembeni unagonga ukuta. Maji ndani ya kifungu cha nyuzi za neva hufanya vivyo hivyo. Yakifuata uzi yanakwenda kwa urahisi, yakikata uzi yanazuiwa. Kuta zikibomoka, maji yanaanza kupenya pembeni, na hilo ndilo tunaloweza kulipima.

Namna ya kulipima ilikuwapo kabla ya mashine za MRI kuingia hospitalini. Mwaka 1965 Stejskal na Tanner walionyesha kwamba ukiyumbisha sumaku kwa mpigo mmoja, kisha ukapiga wa pili unaofuta kazi ya wa kwanza, maji yaliyotulia palepale yanarudisha ishara yake yote, na maji yaliyosogea yanarudisha ishara iliyofifia. Kadiri yanavyosogea upande ule unaoupima, ndivyo ishara inavyofifia. Mfaransa Denis Le Bihan aliipeleka mbinu hiyo kwenye picha za ubongo miaka ya 1980. Kisha mwaka 1994 Peter Basser na wenzake nchini Marekani wakaunganisha vipimo vya pande nyingi kuwa hesabu moja inayoitwa tensa. Hiyo ndiyo DTI. Inahitaji angalau pande sita, lakini kazi nzuri hupima 30 au zaidi.

Nisimame hapa kidogo, maana huenda kwenye ripoti yako ya Dar es Salaam kuna mstari unaosema "hakuna kizuizi cha difyusheni". Wagonjwa wengi wakiuona hudhani kipimo hiki wameshafanyiwa na kimetoka kizuri. Ile ni difyusheni ya haraka, ya pande tatu tu, ambayo hospitali nyingi huipiga ili kutafuta kiharusi kipya. Haipimi afya ya nyuzi zako, iwe nzuri au mbaya.

Kutoka kwenye tensa tunapata namba iitwayo FA, inayoanzia 0 hadi 1. Sifuri maana yake maji yanakwenda kila upande sawasawa, kama yalivyo kwenye mashimo ya maji ndani ya ubongo. Inavyokaribia moja, maji yanafuata upande mmoja tu. Kwa watu wenye MS, wakipimwa kwa makundi, FA hushuka ndani ya mabaka, hushuka pia kwenye tishu inayoonekana safi, na kushuka huko kwenye njia za kuendesha miguu na mikono kunaendana kwa kiasi na ulemavu. Huo ni ugunduzi wa kweli, umerudiwa katika nchi nyingi.

Zile rangi kwenye picha ya binti wa mjomba wako nazo nikueleze, kwa sababu zinashawishi sana. Kwa desturi nyekundu ni nyuzi zinazokwenda kushoto na kulia, kijani ni mbele na nyuma, buluu ni juu na chini. Lakini hakuna uzi hata mmoja uliopigwa picha pale. Kila kisanduku ambacho mashine inakipima kina upana wa milimita 2 hivi, na ndani yake zinapita laki kadhaa za nyuzi. Kompyuta inachukua wastani wa mwelekeo wa maji katika kila kisanduku, kisha inachora mstari kutoka kisanduku hadi kisanduku. Mistari hiyo ni makisio. Sehemu kubwa ya ubongo ina visanduku ambamo nyuzi za njia mbili au tatu hupishana, na hapo tensa huchanganyikiwa. Mstari ukikatika kwenye picha haimaanishi neva imekatika. Ukionekana mzima haimaanishi neva ni nzima. Madaktari wa upasuaji wa ubongo huitumia ramani hiyo kujua njia kuu ziko upande gani wa uvimbe wanaotaka kuutoa, na kwa kazi hiyo inafaa. Kuhesabia neva zako zilizokufa, haifai.

Na FA yenyewe ina tatizo ambalo nataka ulielewe vizuri, kwa kuwa ndilo kiini cha jibu langu. Inaposhuka, haisemi kwa nini imeshuka. Mayelini ikitoka, inashuka. Nyuzi zikifa, inashuka. Uvimbe ukiingiza maji, inashuka, na uvimbe ukitulia inapanda tena bila uzi hata mmoja kuwa umepona. Yako pia mazingira yanayogeuza kila kitu: penye njia mbili zinazopishana, moja ikifa, FA inapanda, kwa sababu sasa umebaki upande mmoja. Mtu asiyejua atasema eneo hilo limepata nafuu, kumbe limepoteza nusu ya nyuzi zake.

Kulikuwa na wakati tulidhani tumepata ufunguo. Mwaka 2002 kundi la Song huko Marekani lilionyesha kwa panya wasio na mayelini kwamba maji yanayokata uzi kwenda pembeni yaliongezeka, na yale yanayofuata uzi hayakubadilika. Ikaonekana rahisi: pembeni ni mayelini, mbele ni uzi. Makala nyingi zikaandikwa kwa mtindo huo. Lakini binadamu mwenye MS ana uvimbe, kovu, nyuzi zinazopishana na nyuzi zinazokufa, yote ndani ya kisanduku kimoja, na mwaka 2009 Claudia Wheeler-Kingshott na Mara Cercignani walitoa onyo kwamba tafsiri hiyo inaweza kupotosha. Isitoshe, Christian Beaulieu alishaonyesha miaka ya 1990, kwa neva za samaki ambazo kiasili hazina mayelini, kwamba maji hufuata uzi hata pasipo ala. Utando wa uzi wenyewe unatosha kuwa ukuta. Ukisoma popote ripoti ya mgonjwa mmoja inayosema "mayelini imepungua kwa asilimia kadhaa" kwa kutegemea DTI peke yake, iwekee shaka.

Ndipo zikaja mbinu ambazo kweli zinastahili kuitwa za kisasa. Ya Jensen na Helpern ya mwaka 2005 inapima jinsi mwendo wa maji unavyokengeuka kutoka kwenye hesabu rahisi, na kukengeuka huko kunaashiria kuta nyingi. NODDI, iliyotolewa London mwaka 2012, inakwenda mbali zaidi: inagawa kila kisanduku katika maji yaliyo ndani ya nyuzi, yaliyo nje ya nyuzi, na maji huru, kisha inakadiria nyuzi zimesongamana kiasi gani na zimetawanyika kiasi gani. Kwa MS hili ni jambo kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza unaweza kutenganisha "nyuzi zimepungua" na "nyuzi zimekaa ovyo". Mwaka 2017 watafiti waliilinganisha na vipande vya ugwe wa mgongo vya watu waliofariki wakiwa na MS, wakivitazama chini ya hadubini, na vipimo viliendana vizuri kuliko nilivyotarajia mimi binafsi. Naipenda kazi hiyo. Ninaamini siku moja itaingia kliniki.

Lakini tazama inavyopata majibu yake. Ili hesabu iweze kufungika, NODDI huchukulia kwamba kasi ya maji ndani ya uzi ni ileile kwa kila mtu na kila mahali, thamani moja iliyopangwa tangu mwanzo. Katika ubongo mzima hilo linavumilika. Ndani ya baka ambamo tishu imevurugika, hakuna anayeweza kukuapia kwamba kasi ile bado ni ileile. Mashine inatoa namba nzuri yenye desimali tatu, na daktari mwaminifu hajui namba hiyo iko karibu kiasi gani na ukweli ndani ya kichwa chako wewe.

Hapo ndipo tofauti ya kundi na mtu mmoja inapouma. Watafiti wakipima wagonjwa 50 na watu wazima wa afya 50 kwenye mashine moja, makosa madogo yanafutana na tofauti inaonekana. Ukija wewe peke yako, tunahitaji kujua namba ya kawaida ya mwanamke wa miaka 36 kwenye mashine ileile, yenye programu ileile. Mashine ya kampuni nyingine inatoa namba nyingine. Ukitikisa kichwa kidogo, namba inabadilika. Programu ya mashine ikisasishwa, namba inabadilika. Mabadiliko hayo yanaweza kuwa makubwa kuliko yale ambayo MS yenyewe huleta kwa mwaka mzima. Ndiyo maana mwongozo wa pamoja wa wataalamu wa Ulaya na Amerika Kaskazini wa mwaka 2021 kuhusu MRI kwa wagonjwa wa MS haukuiweka difyusheni ya aina hii katika vipimo vya kufuatilia mgonjwa kliniki.

Kwako wewe kuna pigo jingine. Shida yako iko miguuni, na ganzi yako ilipanda hadi kiunoni, kwa hiyo ninaelekea kuamini kwamba uharibifu unaokusumbua uko kwenye ugwe wa mgongo. Ugwe huo una upana wa takriban sentimita moja, umezungukwa na maji, maji yamezungukwa na mifupa, na wote unatikisika kwa kila pigo la moyo na kila pumzi. Ni sehemu ngumu kupita zote kwa kipimo hiki. Ungesafiri hadi India, wakakupiga picha ya rangi ya ubongo, nawe ukarudi Tanga bila kujua chochote kipya kuhusu miguu.

Binti wa mjomba wako bila shaka alishiriki utafiti. Akitazama karatasi alizosaini huenda akakuta imeandikwa kwamba matokeo hayatumiki kwa matibabu yake. Alifanya jambo jema, kwa sababu dawa za kurudisha mayelini zitahitaji vipimo kama hivi ili tujue zinafanya kazi. Ikitokea siku moja utafiti ukafika karibu nawe, hauna malipo na una kibali cha maadili, shiriki kwa moyo mweupe. Kulipia kutoka mfukoni ni habari nyingine.

Sasa yale mawili niliyoahidi.

La kwanza, hukutaja MRI ya uti wa mgongo. Umetaja ya kichwa, mara mbili. Kwa mtu aliyekufa ganzi hadi kiunoni, ripoti ya kichwa isiyo na baka jipya haijajibu swali. Inawezekana baka jipya lipo, liko chini ya shingo, na hakuna aliyelitafuta. Omba MRI ya ugwe mzima, shingo na mgongo, kwenye mashine ya tesla 1.5 au zaidi (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Zile ndogo za tesla 0.3 zinafaa kwa mambo mengine, ila kwa ugwe zitakuacha gizani. Na tafadhali usiridhike na filamu na karatasi ya ripoti. Dai CD yenye picha zote, za zamani na mpya, kwa sababu kulinganisha ndiko kazi yenyewe, na anayelinganisha anahitaji picha, si maneno ya mwenzake.

La pili ni zito zaidi. Hukutaja kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya protini iitwayo akwaporini-4, wala dhidi ya protini nyingine iitwayo MOG. Jicho moja kuuma na kupoteza nuru, kisha miguu kufa ganzi, ni historia inayolingana na MS. Inalingana pia na ugonjwa mwingine uitwao NMO (neuromyelitis optica), ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa ni aina ya MS hadi kingamwili yake ilipogunduliwa mwaka 2004. NMO huwapata zaidi wanawake, na huwapata watu wenye asili ya Afrika mara nyingi kuliko Wazungu. Kwenye ugwe wa mgongo kwa kawaida huacha baka refu, linalopita pingili tatu au zaidi, tofauti na baka fupi la MS. Na hii ndiyo sababu nalisisitiza: interferon, dawa inayosaidia kwenye MS, inaweza kuzidisha NMO. Sisemi unayo. Kuzorota polepole bila shambulio jipya, kama unavyoeleza, kunaelekea zaidi upande wa MS, maana NMO huharibu kwa mapigo. Lakini mtu anayejichoma interferon miaka yote hii bila kipimo hicho anastahili kukipata mwezi huu, hata kama sampuli italazimika kusafirishwa. Uliza kama maabara inatumia njia ya seli hai, ndiyo yenye kuaminika zaidi. Wakati unasubiri jibu, usiache sindano kwa uamuzi wako mwenyewe. Zungumza na daktari wako.

Na kwa kuwa tumezitaja sindano: interferon hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Muulize kaka yako zinasafirije kutoka Muscat hadi Tanga, zinakaa wapi kwenye mizigo, kwa saa ngapi. Dawa iliyopikwa na joto njiani haikuonyeshi kwa macho kwamba imeharibika. Vilevile interferon yenyewe huleta uchovu na wakati mwingine huzuni, na inahitaji ufuatiliaji wa damu, ini na tezi la shingo. Kama hujapimwa hivyo kwa muda mrefu, anzia hapo kabla ya kuulaumu ugonjwa.

Katika damu hiyohiyo daktari aangalie vitamini B12, VVU, kaswende, na kirusi cha HTLV-1, ambacho kwa watu wa sehemu zetu kinaweza kukakamaza miguu taratibu na kufanana na unachokieleza. Apime na mkojo. Maambukizi ya mkojo yasiyo na dalili nyingine yanaweza kumdhoofisha miguu mtu mwenye MS kwa wiki nzima.

Ukitaka namba za kufuatilia neva zako, zipo, na nyingine hazina gharama. Pima mita 7.62 kwenye korido ya shule, weka alama ya chaki mwanzo na mwisho, tembea haraka kadiri unavyoweza kwa usalama, mwenzako ashike saa ya simu. Fanya mara mbili, andika wastani na tarehe. Rudia kila mwezi, saa ileile, ukivaa viatu vilevile. Muda ukiongezeka kwa asilimia 20 na ukabaki hivyo, hayo ni mabadiliko ambayo daktari wa neva atayapa uzito. Pima asubuhi kabla ya joto, kwa sababu joto hupunguza uwezo wa uzi uliopoteza ala kupitisha ishara, na kwa Tanga ya Februari hilo pekee linaweza kueleza sehemu ya uchovu wako wa mchana. Andika pia kama ukioga maji baridi au ukikaa kwenye feni miguu inarudi. Inayorudi ni athari ya joto, haijaongeza uharibifu. Isiyorudi inatafutiwa sababu.

Kuna pia OCT, kipimo cha macho kinachopatikana kwenye hospitali kubwa za macho. Kinachukua dakika chache, hakina sindano, na kinapima unene wa tabaka la nyuzi za neva nyuma ya jicho, ambalo kwa mtu asiye na tatizo ni mikromita 100 hivi. Jicho lako la kushoto litakuwa limepungua tangu 2019, hilo tunalitegemea. La kulia ndilo la kutazama mwaka hadi mwaka. Kama kuna fedha ya kuweka pembeni kwa ajili ya "kuona hali halisi ya neva", ningeiweka hapo kabla ya DTI yoyote.

Je, kiwanja kiuzwe kwa jambo lolote? Huo ni uamuzi wako na familia. Ila vipimo nilivyotaja vikikamilika, na ikathibitika ni MS inayoendelea, mjadala wa maana utakuwa kuhusu dawa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hii ya tatu hospitali zinazotibu saratani ya tezi za limfu (limfoma) tayari zinaifahamu, na inatumika pia kwa NMO, ila kabla ya kuianza lazima upimwe homa ya ini B na kifua kikuu. Nikuambie ukweli: dawa zote hizi huzuia mashambulio mapya vizuri kuliko zinavyozuia kuzorota kwa polepole. Fedha ikitumika kwenye dawa inayofaa, mazoezi ya viungo ya kila wiki na dawa ya kulegeza misuli iliyokakamaa, utaiona kwenye ngazi za shule. Kama unapanga ujauzito, mwambie daktari kabla dawa yoyote haijachaguliwa.

Usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona mojawapo ya haya: udhaifu mpya au ganzi mpya inayodumu zaidi ya saa 24, jicho kuuma na nuru kupungua, mkojo kugoma kutoka au kuvuja, ganzi maeneo ya siri, shida ya kumeza au kupumua, au kwikwi na kutapika kwa siku kadhaa bila sababu ya tumbo. Hilo la mwisho wengi hupewa dawa za vidonda vya tumbo, kumbe ni dalili inayojulikana ya NMO. Shambulio la kweli hutibiwa kwa steroidi za mshipani chini ya uangalizi. Usinunue vidonge vya steroidi duka la dawa ukajitibu nyumbani.

Madaktari bingwa wa neva ni wachache na foleni zao ni ndefu, kwa hiyo ukipata nafasi ingia umejiandaa: CD zote, daftari la korido, majina ya dawa na namna zilivyosafiri, na maswali matatu yaliyoandikwa. Nimepimwa akwaporini-4 na MOG? Ugwe wangu umepigwa picha lini? Interferon bado ndiyo dawa sahihi kwangu? Nenda na mumeo, asikie majibu mwenyewe.